Kamera ya Akiba

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu aweke kitu leo ili kimfae kesho, na si rahisi kuikosoa. Hata hivyo, methali haisemi akiba hiyo iwekwe wapi. Mahindi yaliyomo ghalani Mutuini hayamshibishi aliyeshikwa na njaa Limuru. Ukweli huu mdogo ulimfika mpiga picha mmoja wa Mutuini mwezi wa Desemba mwaka wa 2022. Kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa kuwa kinazua swali ambalo wengi hulidhania kuwa la mafundi peke yao: mtu anapochagua chombo cha akiba, huwa anachagua nini hasa?

Mutuini iko katika ukingo wa magharibi wa jiji la Nairobi, katika eneo la Dagoretti Kusini, karibu na mpaka wa kaunti ya Kiambu. Ni mahali ambapo jiji na shamba havijaachana kabisa. Nyumba za kupanga za ghorofa zimesimama kando ya vyumba vya mabati, na baina yake bado mtu huona migomba, nyasi za kulishia ng'ombe na udongo mwekundu unaonata viatuni wakati wa mvua. Riziki ya mpiga picha huyu inatokana na mambo makuu ya maisha ya watu wa huko: ruracio, yaani sherehe ya mahari, harusi, ubatizo na mazishi. Kazi yake ni ya siku moja moja, na siku hizo hazirudiwi.

Kwa miaka mingi alitumia Canon EOS 5D Mark III, kamera iliyotolewa mwaka wa 2012. Pamoja na betri na kadi, kamera hiyo ina uzito wa gramu 950. Lenzi yake ya milimita 24 hadi 70 ina gramu 805. Jumla ni gramu 1,755. Msomaji anayetaka kuujua uzito huo na aichukue pakiti ya unga ya kilo mbili, apunguze vikombe viwili hivi, aishike mbele ya uso wake, aishushe, aiinue tena, na kuendelea hivyo tangu asubuhi hadi jua lipunge. Si kwamba hakuwa na akiba. Alikuwa nayo: Canon EOS 40D ya mwaka wa 2007, ambayo mwili wake pekee, bila betri wala lenzi, ni gramu 740. Ilikuwa kabatini, imefungwa kwa leso, nzima na safi. Ilikaa huko kwa sababu bega moja halibebi vyote.

Siku hiyo ya Desemba alikuwa amealikwa kwenye ruracio huko Limuru. Mazungumzo ya wazee yalichukua muda mrefu, jinsi ilivyo desturi, na ilipofika saa kumi mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Alipokuwa akishuka ngazi za mawe kuelekea sebuleni, kiganja kililegea na kamera ikateleza. Ilianguka kwenye saruji kwa upande wa lenzi. Alipoiinua na kuchungulia, hakuona kitu ila giza: kioo cha ndani kilikuwa kimekwama juu na lenzi ilikuwa imepinda shingo.

Wakati uo huo, ndani ya sebule, Cucu wa bibi harusi aliinuka. Cucu ndivyo Wakikuyu wanavyomwita nyanya. Alikuwa mkongwe aliyeinuka kwa taabu na kwa nadra, lakini siku hiyo alisimama bila mkongojo, akainua mikono yote miwili na kumbariki mjukuu wake. Mpiga picha alichomoa rununu yake. Chumba kilikuwa na giza, mikono ya mkongwe ilikuwa ikitetemeka, na picha nne alizopata zilionyesha wingu jeupe mahali pa uso.

Mwezi wa Aprili uliofuata, Cucu alifariki. Mama ya bibi harusi alifika Mutuini mwenyewe, viatu vyake vimejaa tope, akaketi kwenye kiti cha studio na kukataa chai.

"Mwanangu," alisema, "hukupata hata moja ya Cucu? Tunaandaa kijitabu cha mazishi."

"Niwie radhi, Mama. Zilizopo hazionyeshi uso."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

Kijitabu kilichapishwa kwa picha ya kitambulisho. Cucu alionekana akikodoa macho, kana kwamba anamshangaa aliyempiga. Mama yule hakulaumu. Lau angalilaumu, pengine mambo yangalikuwa mepesi zaidi.

Baada ya msiba huo, mpiga picha aliamua kununua kamera nyingine ya akiba, na safari hii hakuanza kwa kuuliza ni ipi iliyo bora. Aliazima mizani ya jikoni kwa jirani. Alikuwa ametambua kwamba kasoro ya ile 40D haikuwa uzee. Picha zake zilikuwa nzuri, na zingalitosha kabisa kuuhifadhi uso wa Cucu. Kasoro yake ilikuwa kwamba haikuwepo. Kwa hivyo sharti la kwanza la kamera mpya lilikuwa hili: iwe nyepesi kiasi kwamba kuiacha nyumbani kusiwe na faida yoyote.

Sharti hilo lilimpeleka moja kwa moja kwenye kamera zisizo na kioo. Inafaa kueleza kioo hicho ni kipi. Katika kamera ya zamani, nuru huingia kupitia lenzi, ikagonga kioo kilichoinama, ikapanda hadi kwenye prizimu na kufika machoni. Mpiga picha abonyezapo kidude, kioo hujiinua ili nuru ipite hadi kwenye kihisi, yaani kibamba kinachopokea taswira. Ndipo tunaposikia ule mlio wa "kwacha". Katika kamera isiyo na kioo, nuru huangukia kihisi moja kwa moja, na jicho hutazama kioneshi kidogo cha kielektroniki. Panasonic ilitoa Lumix G1 ya namna hii mwaka wa 2008. Canon na Nikon nazo zilitoa zile zenye vihisi vikubwa mwaka wa 2018. Kioo na prizimu vikiondolewa, mwili wa kamera hupungua unene na uzito. Gharama yake ni betri, maadamu kihisi na kioneshi havipumziki hata pale mtu anapotazama tu.

Alikwenda katikati ya jiji mara tatu, akazunguka kwenye maduka ya Moi Avenue na kwa wauzaji wa kamera zilizotumika, akiwa na daftari mfukoni. Hatimaye zilibaki tatu.

Ya kwanza ilikuwa Fujifilm X-T30 ya mwaka wa 2019. Ina gramu 383, na lenzi yake ya milimita 35 yenye upenyo wa f/2 ina gramu 170. Jumla ni gramu 553, chini ya theluthi moja ya mzigo wake wa kawaida. Kwa kuipima tu, hiyo ndiyo iliyoshinda, na hakuficha kwamba aliipenda. Lakini lenzi zake za Canon na taa yake ya mwako zisingeelewana na kamera hiyo. Siku kamera kubwa ingeharibika, angebaki na lenzi moja mkononi na begi zima la vyombo visivyo na kazi.

Ya pili ilikuwa Canon EOS M50 ya mwaka wa 2018, yenye gramu 390. Hii ingeweza kupokea lenzi zake kwa kiunganishi. Hata hivyo, mfumo wa M, ambao Canon iliuanzisha mwaka wa 2012, kampuni yenyewe imeuacha. Kununua kitu kisicho na uzao si dhambi, lakini aliyenunua lazima ajue kwamba hakitakuwa na ndugu.

Ya tatu ilikuwa Canon EOS RP ya mwaka wa 2019, yenye gramu 485 pamoja na betri na kadi. Kihisi chake kina ukubwa sawa na cha kamera yake kubwa. Zaidi ya hayo, kwa kiunganishi cha gramu 110 ingepokea kila lenzi aliyokuwa nayo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Katika kamera ya zamani, umbali kutoka mdomo wa lenzi hadi kihisi ni milimita 44, kwa kuwa kioo kilihitaji nafasi ya kuinukia. Katika hii mpya umbali huo ni milimita 20. Kiunganishi ni bomba tupu la milimita 24 linalorudisha nafasi iliyoachwa na kioo.

Ila nayo ilikuwa na ila zake. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri yake hutoa takriban picha 250, ilhali ile ya kamera kubwa hutoa 950. Tena ina nafasi ya kadi moja tu, badala ya mbili. Kwa kamera ya kazi kuu, ila hizi zingekuwa nzito. Kwa kamera ya akiba, betri mbili za ziada mfukoni zilitosha kuwa jibu.

Fedha alizoweka kwenye chama zilitosha mwili uliotumika, kiunganishi na lenzi moja. Hapo ndipo palipomchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu lenzi moja ya kila siku ndiyo inayoamua mtu atasimama wapi mbele ya binadamu mwenzake. Ile ya milimita 50 yenye upenyo wa f/1.8 ilikuwa na gramu 160, ya bei nafuu, na nzuri kwa nyuso. Ile ya milimita 35, yenye upenyo uo huo, ilikuwa na gramu 305 na bei iliyoizidi kwa mbali.

Alirudi Mutuini akaitafakari nyumba yake mwenyewe. Chumba cha kawaida cha kupanga ni chembamba. Mwenye lenzi ya milimita 50 hugonga ukuta kwa mgongo kabla hajawapata mama, mtoto na kitanda katika picha moja. Sebule ya Limuru nayo, kwa wingi wa wageni, haikuwa tofauti. Lenzi ya milimita 35 ingemchukua Cucu, mikono yake na mjukuu aliyepiga magoti. Isitoshe, huweza kusogea karibu hadi kitu kidogo kikaonekana kwenye kihisi kwa nusu ya ukubwa wake halisi. Kwa mtu anayeletewa picha ndogo za vitambulisho ili azikuze kwa ajili ya vijitabu vya mazishi, hilo halikuwa pambo. Alichukua ya milimita 35. Kamera na lenzi vikawa gramu 790, pungufu ya nusu ya ule mzigo wa zamani. Ile 40D alimpa kijana wa jirani anayejifunza kazi, na kwake ikawa kamera kuu.

Kuna jambo moja la lugha ambalo wanafunzi wa Kiswahili hawatakosa kuliona katika kisa hiki. Wapiga picha wa Nairobi huiita kamera ya aina hii "kamera ya spea", neno lililotoka kwenye magari. Gurudumu la spea hulala chini ya gari, husahauliwa, na hukumbukwa siku ya pancha. Maana hiyo ndiyo iliyoiweka ile 40D kabatini. Neno "akiba" lina upana zaidi, kwani huweza kuwa ghalani, lakini pia huweza kuwa pindoni mwa leso, imefungwa fundo, ikienda popote aendapo mwenyewe. Bibi zetu walizijua akiba zote mbili, na walijua ni ipi iliyowafikisha nyumbani usiku.

Wala uzito wa kamera si jambo dogo katika historia ya kazi hii. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka wa 1984 ziliutikisa ulimwengu, alipoteza mkono wake wa kushoto mwaka wa 1991 ghala la silaha lilipolipuka mjini Addis Ababa. Alirudi kazini na mkono wa bandia, akafanya kazi hadi kifo chake katika ajali ya ndege mwaka wa 1996. Ushujaa wake hutajwa mara nyingi. Hutajwa kwa nadra kwamba hata kwa shujaa, kila picha huanzia kwenye kitu ambacho mkono unaweza kukiinua.

Kamera kubwa ilitengenezwa, na tangu hapo haijaharibika tena. Kwa hivyo ile ndogo haijaitwa hata mara moja kuokoa sherehe. Lakini huenda kila mahali: gengeni, kanisani, hospitalini kuwatazama wagonjwa. Imewapiga wazee wengi wa Mutuini wakiwa wameketi mbele ya milango yao, bila sherehe yoyote, na mpiga picha huwachapishia na kuwapelekea bila malipo.

Jumapili moja alikutana na yule mama wa ruracio kituoni, akingoja matatu, Biblia kwapani. Walisalimiana. Mama aliitazama ile kamera ndogo iliyoning'inia kifuani, akakaa kimya kwa muda, kisha akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nipige na mimi. Na uso uonekane."

Alimpiga picha tatu kabla matatu haijafika. Uso ulionekana.