Mlango wa Chuo Kikuu

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, vijana wetu humwagiana poda kichwani na kuimba barabarani. Wana haki ya kufurahi. Mtihani huo, ulioanzishwa katika miaka ya 1960, ni mmoja kwa inchi nzima: maswali ya Lubumbashi ndiyo ya kijiji cha mwisho msituni. Wengi husema: hiyo ndiyo haki yenyewe, maana haumtazami mtu kabila wala baba yake.

Sisi tunauliza: maswali ni mamoja, je, shule ni moja? Tunazijua shule ambamo mwalimu wa kemia hana hata chupa moja ya kuwaonyesha watoto. Anaandika ubaoni yale ambayo wengine wanayaona kwa macho. Mtoto wa shule ile akipata 54 kwa mia, amepanda mlima mrefu kuliko yule wa mjini aliyepata 65. Lakini masomo ya uganga hayatamwuliza alipanda mlima gani. Yatamwuliza kemia.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Zaire ilijaribu dawa: kila jimbo likawekewa hesabu yake ya nafasi. Nia tunaielewa, kwa sababu majimbo mengine, kama Bas-Congo, yalipata shule nyingi za misioni tangu zamani, na mengine yalichelewa. Ila dawa ile ilitibu orodha ya majina, haikutibu shule. Mwenye alama nzuri aliyeachwa nje alikuwa na neno la kunung'unikia; naye aliyeingia bila matayarisho, nani alimshika mkono?

Kwa maoni yetu Lovanium iliona mbali zaidi. Ilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, shule za msingi zilikuwa nyingi, lakini sekondari kamili chache mno. Basi waliopungukiwa hawakufungiwa mlango, wala hawakutupwa moja kwa moja katika masomo makubwa; waliwekewa kwanza mwaka wa matayarisho. Mtu atasema ni dharau, kijana mwenye diploma kurudishwa kwenye hesabu na Kifaransa. Dharau kubwa zaidi ni kumpokea kwa makofi na kumrudisha kwao baada ya miezi kumi.

Lakini mwaka wa namna hiyo una gharama: walimu, vitabu, chakula, nauli. Mkulima aliyekwisha kuuza mbuzi wake kwa ajili ya mtihani atautoa wapi mwaka mmoja zaidi? Hilo ndilo wazazi wa hapa kwetu wanalotuuliza, na bado hatujaona mtu wa kuwajibu.