Wosia wa Fundi Kanzu

Wajukuu zangu wawili,

Shikamoo zenu zilinifikia kwa simu siku ya Idi. Marahaba. Naandika kwa mkono kwa sababu sauti yangu siku hizi inakatika kabla sijamaliza neno, na kwa sababu nyinyi wawili hamjakaa chumba kimoja tangu arobaini ya bibi yenu. Barua ni moja, nakala mbili. Kila mmoja aisome kwake, kisha, niwe hai au nimekwenda, muisome pamoja.

Kazi yangu mnaijua. Miaka 53 nimekaa barazani hapa Ngamiani, Tanga, na cherehani yangu ya Singer, nikishona kanzu. Waislamu waliniletea poplini ya Idi na ya harusi, wakataka taraza shingoni. Mapadri na makatekista waliniletea kitambaa kile kile, nao wakasema, “Fundi, nataka kanzu.” Nguo mbili, jina moja. Kola zilitofautiana, mapindo yalitofautiana, lakini futi kamba niliyompimia imamu ndiyo niliyompimia padri, na mabega ya watu niliyakuta hayana dini.

Sasa nyinyi. Wewe mtoto wa mwanangu, siku ya arobaini ya bibi yako ulisimama nje ya mlango, viatu mkononi, ukasema hiyo ni bid’a, uzushi katika dini, na hutaingia. Nawe mtoto wa binti yangu, uliyelelewa Lushoto kwa Walutheri wa baba yako, umehamia kwenye nyumba ya maombi, na mama yako ananiambia umetupa dawa ya pumu kwa kuwa nabii amekutangazia uponyaji. Kila mmoja wenu aliniambia kwa wakati wake kwamba amerudi kwenye asili ya dini. Na kila mmoja aliniambia mwenzake amepotea. Nikacheka peke yangu, maana mlitumia maneno yale yale.

Redioni wanasema “watu wa msimamo mkali” na kuwatia wote kapu moja. Mimi ni fundi, sipendi kipimo cha kukisia. Jambo hili nimelisoma na kuliuliza kwa muda mrefu, na nililolipata ndilo hili.

Wazungu wana neno lao la kuwaita watu wa namna hiyo, na neno hilo lina kwao. Kati ya 1910 na 1915 huko Marekani vilichapishwa vitabu 12 vilivyoitwa The Fundamentals, yaani mambo ya msingi, vikagawiwa bure kwa wachungaji na walimu. Aliyetoa fedha ni tajiri wa mafuta wa California, Lyman Stewart. Wakristo hao waliona wasomi wao wenyewe wanaikagua Biblia kama hati ya kale na kutilia shaka miujiza, wakaamua kujenga ukuta. Mwaka 1920 mhariri wa Kibaptisti, Curtis Lee Laws, aliwabunia wenzake jina, “fundamentalists”, yaani watu wa mambo ya msingi, wakalivaa kwa fahari. Mwaka 1925, katika mji wa Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe waliomtangulia, na dunia nzima ikatazama.

Ukilichukua vazi la jina hilo ukamvisha Mwislamu, halimkai. Huko ugomvi ulikuwa kama Kitabu ni kweli neno kwa neno. Kwa Waislamu hilo halina ugomvi: hata mimi mzee wa maulidi, ninayepigwa vita na kijana huyu, naamini kila herufi ya Qurani imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Kwetu mvutano uko kwingine: nani amerithi ufahamu wa Kitabu, na lipi limeongezwa na watu. Katika karne ya 18 huko Najd, Uarabuni, Muhammad ibn Abd al-Wahhab alisimama dhidi ya kuyatukuza makaburi na kuwaomba waliokufa, akisema dini imezibwa na mila. Mwaka 1744 akafungamana na mtawala wa huko, Muhammad ibn Saud, mahubiri yakapata upanga. Wenye mafundisho hayo walipokuja kuketi juu ya visima vya mafuta, vitabu vyao vikafika mpaka vichochoro vya Tanga, navyo bure. Mafuta ya California, mafuta ya Uarabuni. Kwa mwendo tofauti, pande zote mbili zimeifikisha asili ya dini kwa mashine ya kuchapia na fedha ya visima.

Hapo ndipo mnapofanana, wanangu. Kila mmoja anasema amekipata kitambaa cha asili, lakini mkasi alioshika ni wa juzi. Kati yake na Mtume, au kati yake na Yesu, kuna karne nyingi za watu waliosoma, wakabishana, wakakosoana, wakafa. Yeye anawaruka wote kwa hatua moja, halafu anasema hafasiri, anasoma tu kilichoandikwa.

Na mnatofautiana wapi? Katika nchi zetu hizi nimeona hivi. Ukali wa upande wa Kikristo, ulipoharibika, mara nyingi umewala wana wake mwenyewe. Machi 17, 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyopigiliwa misumari. Walikuwa wameuza mali zao wakisubiri mwisho wa dunia. Mwaka ukageuka, dunia ikabaki. Miaka 23 baadaye, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka wamwone Yesu, watoto wakiwamo. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alishtakiwa, akakana mashtaka.

Ukali wa upande wetu wa Kiislamu, ulipoharibika, ulitoka kumtafuta jirani. Agosti 7, 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa zaidi ya watu 200, wengi wao Waafrika wapita njia na wafanyakazi. Aprili 2, 2015, Alhamisi Kuu, wanamgambo wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakawatenga wanafunzi kwa dini zao na kuwaua. Waliokufa siku hiyo ni 148.

Lakini msikitegemee sana kipimo hicho, maana kina mikunjo. Joseph Kony, mwasi wa Uganda, naye alitaja Amri Kumi, na jeshi lake likateka maelfu ya watoto wa majirani. Na Al-Shabaab wamewaua Waislamu wengi kuliko Wakristo: Oktoba 14, 2017 lori la mabomu mjini Mogadishu liliua watu zaidi ya 500, karibu wote Waislamu katika mji wa Waislamu. Moto unaoanzia kwa jirani hurudi kwako, na unaoanzia kwako hautaki kuishia kwako.

Msije mkadhani nasema dini ishikwe kwa vidole viwili. Nimewajua watu wenye msimamo kama chuma na nikatamani kuwa kama wao. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulizaa walokole waliokataa pombe na hongo, na wakati wa Mau Mau kule Kenya wengine wao walikataa kula kiapo, wakakataa pia kushika bunduki za serikali, wakauawa kwa hilo. Upande wetu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetupa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969, aliyakemea waziwazi mambo aliyoyaona ni uzushi. Mtu huyo huyo aliandika kitabu kizima kuwakumbuka kwa heshima wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na wengi wao walikuwa watu wa maulidi. Alikataa jambo bila kumtoa mtu katika dini. Kwa hiyo, mjukuu wangu, kutokula arobaini siyo kosa lako. Kosa lako ni kwamba uliniita mshirikina mbele ya watoto.

Na sasa kosa langu, maana wosia usio na ungamo ni hotuba.

Miaka ya mwanzo ya tisini hapa nchini palikuwa na mihadhara ya mlingano wa dini. Masheikh walisimama viwanjani na Biblia mkononi, wakionyesha aya kwa sura na mstari. Wahubiri wa Kikristo wakawajibu kwa Qurani. Kanda zilizagaa, za watu wetu na za Ahmed Deedat wa Durban. Nilizipenda mno. Niliweka redio kaseti juu ya meza ya kukatia, sauti mpaka barabarani.

Siku moja akaja katekista mmoja, mteja wangu wa miaka mingi. Nikamsimamisha, nikamwambia anyanyue mikono, nikampitishia futi kamba kifuani. Kandani mtu alikuwa akikidhihaki Kitabu chake na umati unashangilia. Sikupunguza sauti. Yule mzee alisimama mikono juu, kama mtu aliyekamatwa, mpaka nikamaliza. Akasema tu, “Fundi, mikono iongeze kidogo.” Alikuja kuichukua kanzu, akalipa, asirudi tena. Baadaye nikasikia anashonesha barabara ya pili kutoka kwetu. Vipimo vyake vimo katika daftari langu mpaka leo.

Mimi sikuchoma kanisa la mtu. Lakini Oktoba 2012, kule Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili wa dini mbili walibishana kama mtu akiukojolea Msahafu atageuka kiumbe kingine. Mmoja akajaribu. Umati ukaenda polisi kumtaka mtoto, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa. Niliposikia habari hiyo niliikumbuka redio yangu ya kaseti. Watoto wale hawakuzaliwa na ubishi ule. Waliuokota mahali ambapo sisi wazee tuliucheka.

Basi nawausia haya, machache.

La kwanza, anayekufundisha dini muulize swali ninalomuuliza kila kijana anayejiita fundi: ulikuwa mwanagenzi wa nani? Kijana anayekuhubiria kwenye simu, hujui anaishi mji gani wala alisoma kwa nani, asikukatie nguo. Nabii aliyefunga maturubai juzi, vivyo hivyo. Lakini elimu peke yake haitoshi. Miongoni mwa viongozi wa Kanungu alikuwamo padri msomi, Dominic Kataribabo, aliyewahi kusoma Marekani. Kwa hiyo ongeza swali jingine: nani anaweza kumwambia amekosea, na amwambiaye hupatwa na nini? Waumini wa Kanungu walizuiwa hata kuzungumza, wakaelewana kwa ishara. Ukifika mahali ambapo kuuliza ni dhambi, usingoje swala iishe wala sadaka ipite. Ondoka.

La pili ni lako, binti. Rudia dawa ya pumu leo, siyo kesho. Aliyeumba pafu ndiye aliyempa akili mtengeneza dawa, na nabii wako akiumwa jino najua atakwenda hospitali.

La tatu, chunguza kitabu chako kabla hujachunguza cha mwenzako. Siku mkitaka kulinganisha dini, kila mmoja aanze kwa kutaja aibu ya nyumba yake. Ndiyo maana barua hii imetaja ya Garissa na ya kaseti yangu.

Maishani nimesikia habari ya nguo moja ambayo ningetamani kuwa ndiye niliyeishona. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, Al-Shabaab walisimamisha basi wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wameshawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na watu wakasema, tuueni sote au tuacheni sote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Mitandio ile haikukatwa kwa kipimo cha aliyeivaa, nayo ilimkaa.

Kuhusu maziko yangu. Nizikwe Kiislamu, bila mabishano. Mjukuu wangu wa kiume ataongoza, na asiyoyaamini asiyafanye, sitadai maulidi wala arobaini. Mjukuu wangu wa kike asizuiwe kunililia kwa namna yake, na asilazimishwe kuitikia dua asiyoiamini. Cherehani ni yenu wawili na haiuzwi. Daftari la vipimo lisitupwe. Mtafuteni katekista wangu, na kama ameshatangulia, tafuteni watoto wake, mkawaambie fundi aliomba radhi.

Bafta ya sanda nimeshanunua, imo ndani ya sanduku chini ya kitanda. Haitakiwi mshono wala kola, wala taraza. Msihangaike kutafuta fundi.

Babu yenu,
Tanga.