Presha ya Rubani

Presha yangu iligunduliwa na mpwa wangu, muuguzi, siku aliyokuja Tanga kutusalimu akiwa na mashine yake mpya mkobani. Alikuwa akimpima kila mtu pale barazani, mzee kwa kijana, kwa mchezo tu. Zamu yangu ilipofika akanyamaza, akapima na mkono wa pili, kisha akasema, "Mjomba, hii ni 168 kwa 104. Kesho uende hospitali."

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka shemeji yangu na mwanawe msibani Pemba, sisi watatu tu katika Cessna ya viti vinne, na kichwa kikiniuma tangu asubuhi. Nilidhani ni jua.

Kutoka Tanga hadi uwanja wa Pemba ni kilomita 80 na ushei, nusu saa hivi ikiwa kusi haijakaza. Ukishakiacha kisiwa cha Ulenge nyuma, chini yako ni mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Injini ikizimika kwenye futi 3,000, ndege kama ile huteleza hewani kiasi cha kilomita nane, na rubani anazo dakika chache za kufikiri. Akizimika rubani mwenyewe, anayebaki kando yake ni shemeji na tasbihi yake. Picha hiyo ilinijia kila usiku nikizima taa.

Nacho cheti changu cha afya kilikuwa karibu kwisha. Sisi tunaorusha kwa leseni ya binafsi hutakiwa cheti cha daraja la pili. Daraja la kwanza ni la marubani wa biashara. Kwa kiwango cha kimataifa, aliye chini ya miaka 40 hupewa miezi 60, akivuka 40 miezi 24, na akivuka 50 hupendekezwa apimwe kila mwaka. Mimi nilikuwa na 52. Rafiki yangu mmoja, rubani wa siku nyingi, alinishauri nimeze vidonge wiki tatu, presha ishuke, kisha niende kupimwa nisiseme neno. "Fomu haina macho," aliniambia. Yeye ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote.

Sitajifanya kwamba sikushawishika. Swali la dawa unazotumia limo wazi kwenye fomu, na chini yake unatia sahihi kwamba uliyoyaeleza ni kweli. Lakini si sahihi iliyonitisha. Niliamini kwamba kusema kweli ni kuizika leseni, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokuwa. Kanuni za kimataifa, zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944, zimeacha mlango: asiyetimiza sharti fulani la afya aweza kupewa cheti ikiwa wataalamu wameona kwamba kasoro yake haielekei kuhatarisha usalama, ustadi na uzoefu wake vikiangaliwa pia, na masharti yakiandikwa panapohitajika. Wiley Post, Mmarekani, aliizunguka dunia peke yake mwaka 1933 akiwa na jicho moja. Kwao Marekani, tangu 2017, marubani wengi wa ndege ndogo wameruhusiwa kupimwa na daktari wa kawaida kila baada ya miaka minne. Ila ruhusa hiyo haikusaidii kitu ukiwa Tanga. Presha nayo, ikishatulia kwa vidonge visivyoleta usingizi wala kizunguzungu, si lazima ikunyime cheti.

Basi nikasema. Daktari aliyeidhinishwa, kule Dar es Salaam, hakunigombeza. Aliandika, akaniambia nisiguse usukani mpaka vipimo vikamilike. Nilikaa chini miezi mitano: moyo, figo, macho, safari za basi kwenda na kurudi, na ile mashine ya saa 24 iliyonibana mkono usiku kucha hata mke wangu akahamia chumba cha watoto. Chumvi niliiacha, na bado sijaizoea mboga isiyo na chumvi. Kilichoniuma zaidi ni kusikia mlio wa ndege ndogo ikipita juu ya nyumba jioni. Nilikuwa naingia ndani.

Cheti kilikuja hatimaye, na sharti la kupeleka taarifa ya presha kila miezi sita. Shemeji sijamwambia mpaka leo, nitamwambiaje?

Rafiki yangu alinicheka miezi yote hiyo mitano. Siku aliyotaka kumchukua kijana wangu wakatazame pwani ya Pangani kutoka juu, nilikataa, na sababu nikamtajia mbele ya mkewe. Tukanuniana kwa muda mrefu. Juzi alinipigia simu. Tulisalimiana kirefu, tukazungumza habari za mvua na mkonge, kisha akaniuliza, kama mtu aulizaye bei ya samaki, ile mashine ya mpwa wangu huuzwa duka gani.