Kuviringisha au Kutua: Miaka Yangu ya Turubai

Januari hii nimeuza cherehani yangu ya mwisho, Singer 45K, mashine nzito ya chuma inayopenya mikunjo minne ya kanvasi bila kuruka uzi. Aliyeinunua ni kijana wa Kiminini anayeshona viti vya matatu. Kibanda changu cha Kanduyi, Bungoma, nimemwachia mpwa wangu, naye amekigeuza duka la turubai za plastiki zinazokuja zimeshonwa tayari. Simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Lakini kazi niliyoifanya tangu ujanani haina tena mrithi hapa kwetu, na ndani yake kuna shauri moja nililobishana na mwalimu wangu mpaka akafa, na bado nalibisha. Naliandika lisije likapotea.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa 1955 karibu na Chwele, chini ya Mlima Elgon. Baba alikuwa na kahawa kidogo na mahindi kidogo. Nilifanya mtihani wa CPE 1970, karo ya sekondari ikakosekana, na mwaka uliofuata nikapanda lori la mahindi tupu linalorudi Kitale kutafuta kibarua.

Kitale ya siku zile ilikuwa mji wa malori. Reli ilikuwa imefika tangu 1926, na kila msimu wa mavuno mahindi ya Trans Nzoia yalimiminika kuelekea stesheni na maghalani. Mahindi yakilowa njiani huota ukungu, na mnunuzi huyakataa. Kwa hiyo hakuna tajiri wa lori aliyetoka Endebess au Cherangani bila turubai. Baadaye kazi ikaongezeka upande wa Bungoma: kiwanda cha karatasi Webuye mwaka 1974, kisha sukari ya Nzoia 1978. Sukari haisamehe hata tundu la sindano.

Mwalimu wangu alikuwa mtu wa Lamu. Wateja walimwita Mzee wa Pwani, sisi vijana wake tulimwita Mwalimu. Alianza kazi Bandari ya Kale, Mombasa, akishona matanga ya majahazi. Aliwakuta wazee waliokuwa wamekata matanga ya marikani, kile kitambaa cha pamba ambacho wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikishusha kwa wingi Zanzibar karne ya 19. Majahazi yalipoanza kutiwa mashine kazi ya matanga ikapungua, naye akaandikwa na reli kushona turubai za mabehewa, akaletwa bara. Nilipomkuta alikuwa keshatoka relini, ana kibanda chake nyuma ya stesheni ya Kitale.

Hakunipa mashine. Alinipa sindano ya pembe tatu, ngozi ya kuvaa kiganjani, na donge la nta ya nyuki. Kazi yangu ilikuwa dasi, yaani kamba inayoshonwa kuzunguka ukingo wa tanga au turubai. Dasi haishonwi kwa kutoboa kamba katikati. Kamba ina nyuzi tatu zilizosokotwa, na sindano hupita chini ya uzi mmoja tu, mshono kwa mshono, ukifuata msokoto. Kitambaa nacho hukiachia kidogo, kiwe kirefu kuliko kamba, ili upepo ukivuta uzito ushikwe na kamba, si na kitambaa. Mwalimu alikuwa akifumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya mshono wote. Akikuta mahali nimeruka uzi anasema, "Fumua, mwanangu." Basi. Unafumua mpaka alipokuonyesha, unaanza tena.

Kuviringisha kanvasi sikujifunzia kwake, nilijifunzia kwa matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafirishaji, na pikapu za Peugeot 404 zikajaa barabara ya Kitale, Webuye na Bungoma. Kila moja ilitaka kanvasi ya ubavuni inayoviringishwa juu jua likiwaka na kushushwa mvua ikija. Nilizishona kwa wingi, na hapo nikaona jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalioni. Kanvasi iliyotumika haibaki bapa. Katikati hutanuka, kingo hubaki zilivyo kwa sababu zina dasi. Ukiiviringisha kwenye bomba, kingo zinabana vizuri lakini katikati panabaki na nguo ya ziada, inakusanya maji, inaoza. Dawa yake ni kulinenepesha bomba pale katikati. Mimi nilikuwa nashonea utepe wa blanketi kuukuu, mnene katikati na mwembamba kuelekea kwenye ncha. Bomba likinenepa, kila mzunguko unameza nguo zaidi pale ilipozidi. Nilikuja kujua baadaye kwamba washonaji wa matanga ya Ulaya wanatumia njia hiyohiyo, wao wakishonea sponji kwenye ukingo wa mbele wa tanga.

Mwaka 1987 mkulima mmoja wa upande wa Cherangani alikuja kibandani na gunia. Ndani mlikuwa na tanga. Alikuwa na chombo kidogo cha kujifurahisha, kama futi 20, alichokiweka Kisumu: mlingoti mmoja, tanga kubwa nyuma, na tanga la pembe tatu mbele. Hilo la mbele ndilo lililopasuka. Zamani lilikuwa likining'inizwa kwa vikulabu vya shaba kwenye waya wa mbele unaoshikilia mlingoti, na kila walipotaka kulitua, binti yake ndiye aliyetambaa mpaka omoni kulivuta. Mkulima yule hakupenda kumwona mtoto pale chombo kikiruka mawimbi. Akanunua mtambo wa kuviringishia tanga: ngoma chini, beringi juu, na bomba la alumini linalozunguka juu ya waya. Ukivuta kamba ya ngoma ukiwa umekaa nyuma, tanga linajizungushia bomba. Ukitaka nusu tanga, unaliacha nusu. Ndivyo alivyoambiwa dukani, katika mji ambao sitautaja.

Ghuba ya Winam ina tabia yake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na jioni mawingu ya radi hushuka kutoka milima ya Nandi kwa ghafla. Walikutwa na mojawapo. Akaviringisha nusu, na ile nusu iliyobaki ikajaa upepo kama mfuko badala ya kulala bapa, kwa sababu ile nguo ya ziada ya katikati haikuwa na pa kwenda. Alipotaka kuviringisha yote, mtambo ukagoma. Henza, ile kamba ya kutwekea, ilikuwa imejisokota kwenye waya kule juu. Tanga halikuviringika wala halikutuka, likapigapiga mpaka mshono ukafunguka toka pembe ya demani, ile kamba ya kulivutia tanga, hadi katikati.

Nililitandaza sakafuni. Nikavuta uzi wa mshono kwa ukucha, ukakatika bila nguvu yoyote na kuniachia unga mweupe kwenye ncha ya kidole. Kitambaa kilikuwa kizima, uzi ndio uliokuwa umekufa. Jua la ikweta huua uzi kabla ya kitambaa, maana uzi ni mwembamba na umelala juu. Wenye matanga ya kuviringisha wanalijua hilo, kwa hiyo hushonea ukanda wa kanvasi nzito kwenye ukingo wa nyuma na wa chini, ili tanga likishaviringishwa, ukanda ndio utazame jua. Na ukanda ulikuwepo, tena wa bei. Nikaliviringisha pale sakafuni kufuata upande ambao ngoma yake ilizungukia, na ukanda ukaingia ndani. Aliyeushona aliuweka upande usio wake. Kwa miezi yote tanga lile lilipofungwa Kisumu, jua lilikuwa likila mshono mtupu, na ukanda wa bei umelala kivulini.

Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni, kazeeka lakini macho yake makali. Nikamwonyesha. Akasema, "Mwanangu, tanga lisilotuka ni adui ndani ya chombo."

Nikamwambia, "Ni kweli, Mwalimu. Lakini wa kwenda kulitua ni mtoto."

"Basi mtie kamba ya kuteremshia." Akanieleza: kamba nyembamba kutoka kikulabu cha juu kabisa, ishuke kando ya waya, ipite kwenye kapi dogo omoni, irudi nyuma kwa nahodha. Ukifungua henza na kuvuta kamba ile, tanga linashuka lenyewe. Kapi moja na pima chache za kamba, bei ya kuku wawili.

Ni njia nzuri, na yeyote asiye na fedha za mtambo naishauri mpaka leo. Ila mimi sikuona kwamba imemaliza kazi. Tanga linaloshuka bila mtu wa kulikumbata linaangukia majini, linachota maji, linakuwa nanga. Mtu aliye peke yake, mkono mmoja kwenye usukani, anahitaji tanga lipotee upepo usiwe na cha kushika. Na hilo kuviringisha kunalifanya upesi kuliko kutua. Mwalimu akajibu kwamba kila kinachozunguka kuna siku kitakwama, na siku hiyo huwa ndiyo siku ya dhoruba. Tukabishana wiki nzima. Wateja wa turubai walikuwa wakingoja.

Nikamshauri yule mkulima hivi. Bomba la alumini liondoke: kwa chombo kidogo ni uzito mwingi juu, na linamdanganya mtu kwamba nusu tanga ni tanga dogo. Achukue mtambo mdogo wa zamani, ngoma na kizungushi cha juu tu, mfano wa ule aliobuni Mwingereza Wykeham-Martin mwanzoni mwa karne ya 20. Waya unashonwa ndani ya ukingo wa mbele wa tanga lenyewe, na tanga linajiviringisha juu ya waya wake. Halina nusu. Ama limefunguka lote ama limefungwa lote. Na kwa kuwa linatwekwa kwa henza, likikwama bado unaweza kulitua pamoja na waya wake. Upepo ukiwa mkali tangu asubuhi, unatweka tanga jingine dogo la kitambaa kizito. Nilimshonea yote mawili.

Mambo mengine yalikuwa ya kupima kwa jicho, na hayo ndiyo yanayoua mitambo mingi. Henza isishuke sambamba na waya wa mbele, ivute kwenda juu na nyuma kwa pembe ya kama digrii 10, la sivyo itajisokota. Kamba ya ngoma iingie mraba, katikati ya ngoma, isije ikapanda juu ya mwenzake na kubana. Tanga likiwa limefungwa lote, mizunguko mitatu minne ibaki kwenye ngoma, ili demani nazo zilizungukie tanga na kulifunga. Tuliyapima yote Kisumu, mlingoti ukiwa umesimamishwa. Karatasi ya duka haikupimi chombo chako.

Mwalimu alishona pete tatu za pembe kwa mkono, hakuna mashine ingeweza kuzishona vile. Akanirudishia tanga akasema, "Kazi nzuri. Shauri baya." Hakulibadili neno lake. Mwaka 1990 alirudi kwao Lamu, akafia huko 1996. Mkulima yule alitumia matanga yale mpaka alipouza chombo, na binti yake akiwa mtu mzima alikuja Kanduyi kunishonesha hema la harusi.

Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba na plastiki vikaingia, viwanda vya nguo vikafungwa kimoja baada ya kingine, KICOMI ya Kisumu ikiwemo. Kanvasi nzuri ya pamba ikawa ngumu kupata, kisha ikawa ghali, kisha wateja wakaacha kuiulizia. Nilihamia Bungoma kufuata malori ya sukari, na nikamalizia kwa hema za harusi na za msiba. Sikukosa chakula. Lakini nasema wazi, kwa kuwa naona uchungu: turubai ya plastiki ya leo haimalizi misimu miwili juani, na kijana anayeiuza hajui kwa nini imepasukia pale ilipopasukia. Hajawahi kuambiwa "fumua". Vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha suti na gauni, vizuri, lakini malori bado yanabeba mahindi, malori madogo ya kisasa aina ya kanta yana turubai za kuviringishwa kwa bomba ubavuni, na wavuvi wa Rusinga na Mfangano bado wanatweka matanga ya pembe tatu. Nani anawashonea?

Wakuu wa vyuo vya Trans Nzoia na Bungoma, sindano zangu, ngozi ya kiganja na vipimo vyangu vyote viko kwa mpwa wangu Kanduyi, na nguvu ya kufundisha ninayo. Nileteeni vijana watano. Na wewe fundi ambaye kesho utaletewa tanga au turubai ya kuviringishwa, kabla hujashona ukanda wa jua, iviringishe kwanza sakafuni kwa upande ambao ngoma inazungukia, kisha chukua chaki utie alama upande unaotazama juu.