Damu Ilipoanza Kuulizwa Habari za Moyo

Nilipokuwa mdogo pale Kikwe, damu ilipimwa kutafuta malaria, basi. Sisi wa upande wa chini wa barabara kuu ya Arusha–Moshi, kwenye mashamba ya mahindi na mifereji ya kumwagilia, tulikuwa na mbu wengi kuliko ndugu zetu wa juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Ukiumwa kichwa, ukitapika au pumzi ikikubana, ulipelekwa zahanati, ukachomwa kidole, ukakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Ukirudi nyumbani swali lilikuwa moja: "Wamekuta malaria ngapi?"

Moyo haukuwa na kipimo. Bibi, mzaa baba, alianza kwa kuvimba miguu ikifika jioni. Baadaye akawa hawezi kulala chali; anaegemea mito, na usiku wa manane anaamka kutafuta hewa. Wapo waliosema ni pumu, wapo waliosema baridi imemwingia kifuani. Alipewa dawa za malaria, maana ndizo zilizokuwepo. Alipofariki, hakuna aliyeweza kutueleza kilichomuua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilianza kazi ya maabara. Wingi wa damu tulipima kwa kifaa cha Sahli: unavuta damu kidogo kwa mrija mwembamba, unaitia kwenye asidi, inageuka kahawia, kisha unaongeza maji tone kwa tone hadi rangi ifanane na ile ya kioo cha pembeni. Unasogea dirishani upate mwanga, unakaza macho, unaandika namba. Kwa mama mjamzito na mtoto namba hiyo ikiwa ndogo ilitufanya tukimbie. Kwa mzee aliyevimba miguu iliandikwa tu kwenye cheti, mambo yakaishia hapo.

Miaka hiyohiyo, mbali na sisi, damu ilikuwa imeanza kuhojiwa kwa namna mpya. Mwaka 1988 watafiti wa Japani waligundua homoni ya BNP kwenye ubongo wa nguruwe. Baadaye ikaonekana kwamba hasa ni moyo unaoimwaga, kuta zake zinapotanuliwa kwa kuzidiwa na mzigo. Ujerumani nako, Hugo Katus na wenzake walitengeneza kipimo cha troponini, protini inayokaa ndani ya msuli wa moyo. Msuli ukidhurika kwa kukosa damu, troponini huvuja na kuingia kwenye mzunguko. Vipimo hivyo vilikuja kutumika kumtambua mgonjwa na pia kukadiria nani yuko hatarini zaidi siku zinazofuata.

Ilipita miaka mingi kabla sijashika kipimo cha troponini kwa mkono wangu. Nakumbuka mkulima mmoja wa tambarare zetu aliyeletwa huku amejishika kifua, jasho linamtoka. Picha ya umeme wa moyo haikutoa jibu la wazi. Nikadondosha damu yake kwenye kikasha kidogo cha plastiki, nikakiingiza kwenye mashine: kiwango kilikuwa kimepanda kidogo tu. Mke wake akaniuliza, "Daktari, ni malaria?" Nikamjibu, "Hapana mama, tunauliza moyo. Tutarudia baada ya saa tatu." Tuliporudia, namba ilikuwa imeruka juu sana. Bila kipimo cha pili angeandikiwa dawa za vidonda vya tumbo akarudi shambani.

Kwamba wengi hukosewa hivyo, Moshi walikuja kuthibitisha. Mwaka 2019, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, watafiti waliwapima troponini na umeme wa moyo wagonjwa 681 waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Kati yao 152 walikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wa hao walikuwa wameandikiwa ugonjwa mwingine. Ndani ya siku 30, asilimia 43 ya wenye mshtuko walikuwa wamefariki. Nilipoisoma taarifa hiyo nilimkumbuka Bibi, nikawakumbuka na majirani walioanguka shambani tukasema ni kazi ya Mungu.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni wa hospitali ya Muhimbili. Dk. Abel Makubi na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, wenye wastani wa miaka 55 tu. Taarifa yao ya 2014 ilionyesha kuwa upungufu wa damu na figo zilizochoka ni miongoni mwa mambo yanayobashiri kifo. Ya 2015 ikaongeza kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na upungufu wa damu, na walioupata kwa kukosa madini ya chuma ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi. Ile namba tuliyokuwa tukiiandika kwenye cheti na kuiacha, kumbe ilikuwa inatuambia nani tumwahi.

Troponini na BNP tuzidi kuzidai, bei zishuke, zifike hospitali za wilaya. Ila mgonjwa wa Kikwe mwenye miguu iliyovimba asisubiri mashine ya mbali. Apimwe presha, wingi wa damu na kreatinini ya figo, na majibu yasomwe kwa jicho la moyo. Namba mbaya si hukumu ya kifo. Inatuagiza tumpe miadi ya wiki ijayo badala ya miezi mitatu, tutafute chanzo cha damu kupungua, tumpigie simu asipokuja. Utabiri usiobadilisha tunavyomhudumia mgonjwa haujamsaidia kitu.