Walioniombea Nikiwa Nimewaacha

Nimestaafu uchungaji, naishi hapa Kibaha. Ushuhuda huu nauandika kwa ajili ya mtumishi ambaye moyo wake umepoa lakini kila Jumapili bado anasimama mbele ya watu. Nilikuwa hapo.

Kwetu ni Rungwe. Wamisionari wa Baptisti kutoka Marekani waliingia Tanganyika mwaka 1956, na moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa hospitali ya kifua kikuu kule Mbeya. Mama yangu alilazwa hapo, akatoka amepona na ameokoka, na sisi wanawe tukamfuata. Baadaye kanisa likanipeleka kusoma katika seminari ya Baptisti ya Arusha, iliyofunguliwa mwaka 1962. Huko tulifundishwa habari za William Carey, fundi viatu wa Uingereza aliyekwenda India mwaka 1793, akakaa mpaka mwaka 1800 ndipo akambatiza Mhindu wa kwanza. Swali juu yake nililijibu vizuri kwenye mtihani. Haikunijia kwamba kungoja kwa namna ile kungeweza kunipata na mimi.

Nilipangiwa Kibaha mwanzoni mwa miaka ya themanini. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa kwa msaada wa nchi za Nordiki mwaka 1963, lilikuwa limewaleta walimu, wauguzi na wanafunzi kutoka kila mkoa, na wengi walifika wakiwa wameshaamini makwao. Kanisa likajaa. Nami nikajipa sifa kwa mavuno ambayo wengine walipanda.

Ndipo nikakabidhiwa na vituo vya kuhubiri vya Kisarawe. Njia yangu ilikuwa Mlandizi, kisha barabara ya vumbi kuelekea Mzenga na Maneromango, kwa baiskeli. Nakiri nilikwenda na dharau. Wenyeji wa kule, Wazaramo, niliwaona watu wa ngoma na pombe ya mnazi tu, wasiosikia. Nilidhani pia nawapelekea Injili ambayo haijawahi kufika, kumbe wamisionari wa Kijerumani walifika Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Wazee wa kijiji, Waislamu, walinipokea kwa adabu, wakanipa kivuli cha mwembe na mkeka. Waliokaa kunisikiliza kila juma ni akina mama wachache, wakiongozwa na bibi mmoja asiyejua kusoma.

Kila robo mwaka tulitakiwa kupeleka ripoti: waliookoka, waliobatizwa, mahudhurio, sadaka. Upande wa Kibaha nilijaza kwa furaha. Upande wa Kisarawe kalamu ilikuwa nzito. Masika ikaja, tope likashika magurudumu hadi nikawa naibeba baiskeli begani, na Jumapili moja nikageuza njiani. Iliyofuata sikutoka kabisa. Mvua ziliisha, barabara ikakauka, sikwenda. Kwenye ripoti niliandika kwamba kituo kinaendelea vizuri. Nililala usingizi usiku ule, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo: dhamiri yangu haikupiga kelele.

Nilirudi kule kiangazi, wala si kwa ajili ya ibada. Kulikuwa na mabati tuliyoyahifadhi kwa bibi yule ili siku moja tujenge kibanda cha kusalia, nami nilitaka kuyahamishia Kibaha tukaezekee ofisi. Nilikwenda Jumapili alasiri, nikijua sitamkuta mtu mwembeni. Niliwakuta. Akina mama wameketi, wengine wanamenya mihogo, vitoto vimelala kwenye kanga, na bibi anasema kwa moyo mfano wa mwana mpotevu, neno kwa neno, kama nilivyowasomea mara ya mwisho. Alipomaliza wakaomba. Waliomba mvua, wakaombea mtoto wa mmoja wao mwenye homa, kisha wakanitaja mimi, mchungaji wao, Bwana amwinue kitandani.

Bibi aliponiona alishika mikono yangu miwili. "Tuliona kimya, baba mchungaji, tukajua unaumwa. Kila Jumapili tunakuombea upone."

Nilishindwa kuitikia. Nilikaa kwenye mkeka nikawaambia kwamba sikuumwa, kwamba nilikuwa nimewaacha. Kikapita kimya. Bibi akaniangalia, akauliza, "Umekula, baba?" Wakanipa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, nikala nikilia mbele ya watu ambao niliwaita wasiosikia. Mabati yalibaki pale pale.

Nilipofika Kibaha niliandika ripoti upya, ya kweli, nikaipeleka kwa viongozi wangu mwenyewe, nikiwa tayari kuvuliwa huduma. Walinikaripia, na nilistahili. Kisha wakaniombea, wakanirudisha Kisarawe. Sijui niiite nini rehema ile.

Kazi haikuwa nyepesi baada ya hapo, wala watu hawakumiminika. Kilichobadilika ni mimi. Nilianza kulala kijijini, kufika misibani hata kwa wasio wa kwetu, kujifunza majina ya watoto. Siku nyingine uvivu ule wa moyo ulirudi, nikapambana nao kwa kwenda tu. Baada ya misimu kadhaa mjukuu wa bibi, mchoma mkaa, aliomba kubatizwa. Sisi Wabaptisti tunabatiza kwa maji mengi, na kule wakati wa kiangazi ndoo moja ilitafutwa mbali. Nikashauri tungoje masika. Akina mama wakakataa. Walichimba shimo, wakalitandika turubai, wakaanza kuchota bwawani alfajiri, ndoo kwa ndoo kichwani, na majirani zetu Waislamu wakawaazima madumu. Maji yalipofika kifuani nikaingia na kijana yule. Yalikuwa na rangi ya udongo, baridi, na mimi nikijua kwamba hakuna tone hata moja nililolichota.

Bibi ameshalala katika Bwana. Mjukuu wake ndiye anayeliongoza kanisa la pale, chini ya mabati yale yale, na huhubiri vizuri kuliko nilivyowahi.

Ndugu yangu, kama kuna ripoti unayoogopa kuiandika upya, au watu uliowaacha na unaona aibu kuwarudia, ukipita Maili Moja, hapa Kibaha, ulizia mchungaji mstaafu wa Baptisti. Tutakunywa chai, tutaomba, na ukitaka mtu wa kukusindikiza, miguu yangu bado inatembea.