Kumbe Goli Letu Lilikuwa Dogo

Wiki mbili zilizopita nilipitia uwanja wa shule niliyosomea hapa Ronge, saa kumi na moja jioni, nikitafuta video ya wasichana wakifanya mazoezi. Nikawakuta kumi na sita wamekaa chini ya mikaratusi wanatafuna miwa. Mpira wenyewe uko kule katikati, peke yake, kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Nikauliza mbona hamchezi. Beki mmoja akatema makapi, akanijibu, "Dada, tucheze tusicheze, tunaenda kuchapwa tu na wale wa Voi."

Kwa nyinyi mmeingia hapa juzi: mimi ndiye yule wa video za kimanga ya nyanya na matatu zinazopanda Dembwa zikilia. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kabla ya hapo nilikuwa winga wa kulia wa timu hii hii, kwa hivyo nikiongea mpira wa wasichana huku milimani siongei kama mgeni. Na mnajua vile michezo ya shule za upili inaenda: unaanza zoni, unapanda kaunti ndogo, kaunti, kisha Pwani nzima, halafu taifa, na wachache sana wanafika ile ya Afrika Mashariki. Ukipigwa mara moja kwa mtoano, unarudi nyumbani kuchuma mboga. Mechi ya kwanza ya kaunti ndiyo hiyo, na wale wa Voi ndio hao.

Nikawaambia haya, nielezeeni hao watu wako aje. Manze, nilisikia maajabu. Ati fowadi wao ana miaka ishirini na tatu na ana mtoto nyumbani. Ati wanakula nyama kila siku. Ati wana wachezaji wa kubadilisha timu mbili nzima. Halafu kipa wetu, msichana mrefu, mpole, wa kidato cha tatu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mwaka namba tisa wa hiyo shule alipiga shuti likavunja kidole cha kipa wa hapa, na huyo dada hakudaka tena maishani.

Hapo nikanyamaza. Stori ya kidole naijua. Niliianzisha mimi.

Mwaka wangu wa mwisho tulifungwa nne bila na shule hiyo hiyo. Tukirudi, hakuna aliyeongea kutoka Voi mpaka Mwatate. Shule ilitusubiri getini, na kipa wetu, rafiki yangu wa dawati moja, alikuwa amefunga kidole kitambaa kwa sababu mlango wa gari ulimfinya asubuhi, kabla hata ya kufika uwanjani. Mtu akauliza, kidole kimefanya nini? Nikaruka kujibu, "Shuti la namba tisa." Ilisikika vizuri. Watu wakashika midomo, wakatuonea huruma, na hakuna aliyeuliza mbona mlifungwa nne. Sasa miaka imepita, kidole kilichofinywa kimekuwa kidole kilichovunjika, kipa amestaafishwa, na wasichana ambao hawakuwa hata kidato cha kwanza wakati huo wanakataa kucheza kwa sababu ya mdomo wangu.

Ningesema ukweli siku hiyo hiyo. Sikusema. Niliona aibu, nikasema tu, "Nitashuka Voi niwapige video, tuwaone."

Jumatano nikashuka. Boda mpaka Mwatate, kisha matatu, unapita mashamba ya mkonge huku joto linakupanda kutoka miguuni. Watu wa nje wakisikia Taita Taveta wanafikiria ndovu wa Tsavo peke yake. Hawajui kwamba huku unaweza kuamka umevaa sweta, na saa nne uko Voi unatafuta kivuli cha mlingoti.

Sikuenda kama mwizi. Nilimwambia mwalimu wao wazi kwamba natoka Ronge na nataka kurekodi. Akacheka, akasema, "Rekodi, mwanangu. Mpira haufichwi." Heshima yake.

Namba tisa wa sasa ni mfupi kuniliko. Ana kasi, sitadanganya tena, ana kasi ya kukutia wasiwasi. Lakini nilikaa pale dakika zote nikaanza kuona vitu. Kila akipata mpira anageukia kulia. Mguu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Mipira yake karibu yote inatoka kwa mtu mmoja, namba sita, msichana mtulivu ambaye hakuna mtu Ronge amewahi kumtaja. Mabeki wao wanapanda juu sana, karibu na mstari wa katikati, na kipa wao hatoki golini hata mpira ukimpigia hodi. Katikati ya kipa na mabeki kuna shamba la kulima mahindi.

Mechi ikaisha, namba tisa akaja nilipokaa kuomba maji. Akaniangalia, akauliza kwa upole, "Dada, ni kweli nyinyi wa Ronge kila asubuhi mnakimbia mlima na mawe mgongoni?"

Nikamuuliza nani amekwambia. "Tunaambiwa tu. Ati nyinyi hamchoki."

Nilicheka mpaka maji yakanipitia puani. Halafu nikamwambia ndiyo, ni kweli. (Najua. Ni uongo wa pili kwa shule moja. Mlima upo, lakini wanaupanda kwa sababu shule iko juu. Mawe hakuna.)

Kesho yake vichwa kumi na sita vilikuwa juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Kitu cha kwanza walichosema si kuhusu mbinu. Walisema, "Kumbe ni mdogo hivi?" Halafu, "Huyo ni mama mtoto kweli?" Kimya kidogo, halafu mmoja akaanza kucheka.

Hatuna ubao wa kocha, kwa hivyo nilienda jikoni kwa shule nikaomba kikombe cha githeri ambayo haijapikwa. Mahindi ndio sisi, maharagwe ndio wao. Tukapanga chini kwa udongo. Nikawaonyesha ile nafasi nyuma ya mabeki wao. Winga wetu wa kulia, ambaye anakimbia kama amemwona nyoka, akasema hapo atakuwa ofsaidi kila saa. Nikamwambia hapana, sikiliza: ukiwa bado kwa nusu yenu wakati mpira unapigwa, hakuna ofsaidi. Wao wanasimama karibu na katikati. Wewe anzia upande wako wa mstari, subiri mpira utoke mguuni kwa mwenzako, ndipo uende. Alirudia kusogeza ile punje ya mahindi mara kama kumi. Mwalimu wa michezo naye akapewa kazi yake, kumtafutia namba sita mtu wa kumfuata mpaka chooni. Kwa namba tisa tukakubaliana beki asimame upande wake wa kulia amlazimishe kugeukia kushoto. Basi. Vitu vitatu. Ningeongeza cha nne wangesahau vyote.

Niliwaonyesha pia klipu za Junior Starlets, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, ile ya kocha Mildred Cheche, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, kule Jamhuri ya Dominika mwaka wa 2024. Watu wengi hukumbuka tu kwamba walitoka raundi ya makundi. Uingereza iliwafunga mbili bila. Korea Kaskazini ikawafunga tatu bila, na hao ndio mwishowe walibeba kombe. Sasa hapo, baada ya kupigwa mara mbili mbele ya dunia, ungetarajia mechi ya tatu waje wakitetemeka. Wakaifunga Mexico mbili kwa moja. Winga wetu akauliza, "Mexico hawakuwa wanatisha?" Nikamwambia sijui, waulize waliocheza nao.

Lakini kitu kilichobadilisha kila kitu sikukipata Voi. Kilikuwa hapa hapa.

Nikitazama tena video usiku, kuna kitu kilinikera kwa goli lao. Lilikuwa linaonekana pana sana. Nikadhani ni simu. Asubuhi nikaazima futi ya fundi jirani, tukaenda na kipa kupima letu. Sheria inataka mita 7.32 kutoka mlingoti mpaka mlingoti, na mita 2.44 kwenda juu. Letu ni mikaratusi mitatu iliyopigwa misumari na mtu ambaye simlaumu, alitumia mti aliokuwa nao. Tukapima mara tatu. Mita 6.40.

Karibu mita nzima haipo!

Kipa akasimama katikati ya goli, akaangalia mkono wa kulia, akaangalia wa kushoto. Huyu msichana amejifunza kudaka hapo tangu kidato cha kwanza. Mwili wake unajua mlingoti uko wapi bila kugeuka. Kila akienda kucheza kwa uwanja wa maana, mpira unapita mahali ambapo kwake ni nje, anauacha kwa amani, na anausikia umegonga wavu. Mwaka jana alifungwa hivyo mara mbili kwa mechi moja na wenzake wakamwambia analala.

Akasema, "Kwa hivyo si mimi."

Alikuwa akiongea na mlingoti, si na mimi. Nikafikiria zile nne zetu, na rafiki yangu wa dawati aliyewacha mbili zipite pembeni akiwa amesimama wima, na vile nilimpa kidole kilichovunjika kama zawadi ya kufunika aibu. Nikashindwa. Nikamwambia kipa ukweli pale pale, kuhusu mlango wa gari na mdomo wangu. Nilitegemea akasirike. Akaniuliza tu, "Na wengine utawaambia lini?" Niliwaambia jioni hiyo. Beki wa makapi ya miwa alikasirika kwa niaba ya wote, na alikuwa na haki.

Na nikiwa bado kwa kuungama: huwa nasema hapa niliacha chuo kwa sababu ya karo. Karo ilikuwa shida, hilo ni kweli. Lakini kuna somo moja ambalo waliotutangulia walituambia mhadhiri wake huangusha nusu ya darasa, na mimi siku ya mtihani nililala hosteli nikijifunika kichwa. Mhadhiri mwenyewe nilikuwa nimemwona mara tatu. Mpaka leo sijui huo mtihani ulikuwa unafananaje.

Haya. Mlingoti mmoja tulichimbua tukausogeza, na mti wa juu mrefu zaidi ukatoka kwa shamba la mzazi. Wavulana walilalamika kidogo, halafu wakagundua sasa wanafunga zaidi, wakanyamaza.

Tatizo la mwisho lilikuja Jumatatu hii. Beki wetu wa kushoto, yule ambaye ndiye amepewa kazi ya namba tisa, akaanza kusema goti linauma. Goti ambalo dakika tano kabla lilikuwa linaruka kamba. Nilimvuta kando. Alihesabu siku kwa vidole, Jumamosi ikaangukia pale pale, na kaptura za timu ni nyeupe. Hakutaka kusema kwa mwalimu mwanamume. Wengine mtasema hilo si suala la mpira. Timu ya wanawake ya Uingereza iliacha kaptura nyeupe mwaka wa 2023 ikavaa za bluu kwa sababu wachezaji walisema hiyo hiyo hofu, na hao ni mabingwa wa Ulaya wenye kila kitu. Nilimwambia mwalimu bila kutaja jina. Aliangalia chini, akakuna shingo, akaondoka. Jumanne kapteni wa wavulana akaleta kaptura kumi na sita za bluu nyeusi, zimefuliwa, zimekunjwa, ndani ya gunia la unga. Hakuuliza chochote. Goti likapona.

Kuna mtu ameniandikia akitaka ile video ya Voi niiposti. Hapana. Nilipewa ruhusa ya kurekodi, si ya kuwaanika, na kuna klipu moja ya namba tisa ameanguka vibaya ambayo najua ingepata watu wengi sana. Iko kwa simu yangu na itabaki hapo.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi gari linatoka saa kumi na mbili asubuhi, na bado tuna njumu pea tisa kwa watu kumi na sita, kwa hivyo wa kubadilishwa watavua pembeni ya uwanja na kupeana. Namba tisa bado ana kasi. Wanaweza kutufunga.

Jana baada ya mazoezi kipa alikataa kwenda nyumbani. Aliniambia nimpigie pembeni, upande wa ule mlingoti uliosogezwa, mpaka azoee. Nilipiga nyingi, nyingine zikaingia, akawa anatembea kutoka katikati mpaka mlingoti akihesabu hatua kwa mdomo. Giza likaanza. Nikapiga moja ya mwisho, nzuri, chini kabisa. Akaufikia na ncha za vidole, ukagonga mti, ukatoka, ukateremka mlima wote mpaka ndani ya mahindi ya watu. Tulishuka kuutafuta na tochi ya simu yangu, chaji asilimia nne, yeye mbele akicheka kwa sauti, mimi nyuma nikiomba mwenye shamba asitoke.